Mikro kwanza, kompyuta baadaye

Mwaka huu wenzangu watatu wameniuliza swali lile lile: ninunue kompyuta gani ili nirekodi wazee nyumbani kwa ajili ya kazi ya kuhitimu? Kila mmoja alikuwa na dola 500 hivi zilizochangwa na familia, na kila mmoja alitaka kuzimaliza zote kwenye kompyuta. Mikro, walisema, si imo ndani yake? Nawajibu wote hapa, maana mimi nilikosea vivyo hivyo.

Mjomba wa mama alikuja Bukavu kutibiwa, akakaa kwetu Kadutu wiki mbili. Anasema Kilega cha Shabunda, lugha ya toni yenye irabu saba, ambayo sisi wajukuu wa mjini tunaisikia kuliko tunavyoisema. Nilimrekodi saa sita kwa kompyuta mpya, kwa mikro yake ya ndani, waya umechomekwa ukutani. Nilipofungua faili katika Praat, mstari wa toni uliendelea hata pale babu alipokuwa amenyamaza, umelala kwenye Hz 100. Haikuwa sauti yake. Umeme wetu ni wa Hz 50, mngurumo wake huzaa 100, na sauti ya mzee mwanamume hupita hapo hapo. Toni zake za chini sikuweza kuziamini tena. Naye babu alikuwa amekwisha kurudi Shabunda, na njia ya kufika huko mnaijua.

Kompyuta, basi, isitupotezee muda. Praat na Audacity ni za bure na haziombi nguvu nyingi. Kompyuta iliyokwisha kutumika, yenye RAM ya GB 8, diski ya SSD na feni isiyopiga kelele, inatosha. Jambo la kukagua dukani ni betri: ishike saa mbili, ili unaporekodi uchomoe waya. Nafasi nayo si tatizo. Saa moja ya WAV, kwa kHz 44.1, biti 16 na mkondo mmoja, ni kama MB 318. Saa ishirini hazifiki GB 7.

Fedha iende kwenye mikro na kadi ya sauti, kile kisanduku kinachokaa kati ya mikro na tundu la USB. Wauzaji watakusifia kHz 192. Hizo labda zinamfaa anayechunguza popo. Wewe tafuta kisanduku kinachokuza sauti bila kuongeza mvumo, chenye matundu mawili ya mikro ikiwa unataka maswali yako yawe na mkondo wake. Volti 48 ni za mikro ya kondensa hasa, na mimi kondensa siishauri kwa nyumba zetu. Inasikia kila kitu: jogoo, kinu cha jirani, mvua juu ya mabati. Mikro ya dinamiki, kama zile wanazoshika waimbaji wa kwaya, ikikaa karibu na kinywa, upande kidogo ili pumzi isiipige, inamsikia mzee zaidi ya mtaa. Ila ishara yake ni dhaifu, ndiyo maana nasema usibane fedha kwenye kadi.

Mwalimu mmoja aliniambia simu inatosha, wao walifanya kazi kwa kaseti. Kwa hadithi unazotaka kuandika tu, nakubali. Lakini wengi wetu tunaletewa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kijijini, tunaupima kana kwamba ni rekodi. Sauti hiyo imebanwa. Kupanda na kushuka kwa toni mara nyingi kunabaki, lakini s na f zinapoteza sehemu zake za juu, na usafishaji wa kelele wa simu unaweza kukata miisho ya maneno. Katika lugha zetu, mwisho wa neno si mahali pa kubahatisha.

Ninachodai kwa kitivo ni kidogo: mikro mbili na kadi mbili, ziazimwe kwa saini kama vitabu vya maktaba. Tunajadili toni darasani kila wiki, halafu kila mwanafunzi anakwenda kuitafuta peke yake na fedha za shangazi zake.

Babu anarudi Desemba kwa kipimo. Nimekwisha kuomba mikro ya kwaya kwa wiki hiyo. Kadi bado natafuta.