Shamba la Shule Lisiwe Adhabu
Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa nchini Tanzania mwaka 1967, shamba limekuwa sehemu ya shule. Hata hivyo, twajua shule ambamo mahindi hupandwa pale pale kila mwaka, mabua huchomwa, na mwanafunzi mkosaji ndiye apelekwaye kulima. Huvunwa magunia haba, pamoja na chuki kwa jembe.

Sisi twaona kosa hili ni la ufundishaji wetu. Udongo ni somo. Wanafunzi na wang'oe mche wa kunde, wapasue vinundu vya mizizini, waione rangi ya waridi ionyeshayo kwamba bakteria wanainasa nitrojeni ya hewani. Msimu ufuatao wapande mahindi katika vipande viwili, kimoja palipokuwa na kunde, kingine palipokuwa na mahindi, kisha wapime mavuno wenyewe.

Wamatengo wa Mbinga hufukia nyasi katika ngoro na kupokezanisha maharage na mahindi, wakaihifadhi miteremko yao tangu kale. Tusione haya kumwalika mzee mkulima awe mwalimu wetu. Aadhibiwaye kwa jembe atalikimbia, na ardhi itabaki bila mtunzaji.