Kona ya Teknolojia: Njia Ndani ya Kadi

Safari hii tunawaletea jambo tunalokutana nalo sisi tunaosomea urubani hapa Marekani.

Kuingiza njia kwenye GPS ya ndege kwa kuzungusha vifundo, herufi moja moja, kunachosha. Siku hizi tunaipanga njia kwenye kompyuta, tunahifadhi faili la .fpl kwenye kadi ya SD, kisha tunaichomeka kadi kwenye Garmin G1000. Vifaa vingine hupokea njia kwa Bluetooth kutoka kwenye iPad.

Ni rahisi, lakini kadi haijui kosa. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya Air New Zealand iligonga mlima Erebus, Antaktika, wakafa watu 257. Kabla ya safari, namba za njia zilibadilishwa kwenye kompyuta ya ofisini, marubani hawakuambiwa. GPS haikuwamo, ila somo ni lile lile.

Kwa hiyo tukishahamisha njia, tunasomeana kila nukta kwa sauti, tukilinganisha umbali na uelekeo na karatasi yetu. Mstari ukipinda pasipo sababu, haturuki.

Tukutane toleo lijalo.