Seva ni mpaka uwe benki?

Wadau, kuna ugonjwa umetuingia sisi waandishi wa huku Mara na leo nausema bila kuzunguka. Mtu ana picha za miaka sita, ana sauti za wazee wa Kizanaki na Kijita aliowahoji, wengine wameshatangulia mbele ya haki, halafu ukimuuliza vitu hivyo viko wapi anakuonyesha simu. "Viko Google." Amemaliza. Ukimwambia aweke seva yake nyumbani anacheka, eti seva ni ya benki, inataka chumba chenye kiyoyozi na fundi kutoka Dar.

Hivi jamani, tumesahau mapema hivi? Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, ikazimwa kabisa na ikakaa hivyo siku kadhaa. Mwenye faili zake zote kwenye wingu akawa anazo na hana, tena katika wiki ambayo mwandishi alihitaji kumbukumbu zake kuliko wiki nyingine yoyote ya mwaka ule! Na hao wenye wingu hawajawahi kutuahidi undugu. Tangu Juni 1, 2021 Google waliacha kutunza picha bure bila kikomo, na tangu Desemba 2023 wana utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa miaka miwili. Mzee akifariki na simu yake ikafungiwa kabatini, miaka miwili inapita upesi sana kwenye familia yenye ugomvi wa shamba.

Sasa seva ni kitu gani? Ni kompyuta inayokaa macho muda wote ikiwagawia wenzake faili. Basi. Wenye kupenda vitu vipya watakuambia ununue Raspberry Pi, ile kompyuta ya Waingereza iliyotoka 2012, ndogo kama kitambulisho. Nzuri, siikatai. Lakini huku kwetu nasema chukua laptopu chakavu, hata iliyovunjika kioo. Kwa nini? Ina betri! Umeme ukikatika Musoma saa mbili usiku, Pi inazimika ghafla na kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika, laptopu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikitumia wati 15, ni uniti 11 kasoro kwa mwezi, usiku na mchana.

Unaweka Linux, bure. Unaweka Samba, bure pia. Ni programu aliyoianza Andrew Tridgell wa Australia, toleo la kwanza likatoka 1992, na jina alilipata kwa kusaka kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B. Angekuwa Mswahili tungekuwa tunasema "sakinisha Simba" na watu wa Yanga wangegoma. Unaipa laptopu anwani isiyobadilika kwenye ruta, unatenga folda, unaweka neno la siri kwa kila mtu wa nyumbani. Ruta ikiwa inawaka, simu na kompyuta za ndani zinaona folda ile hata kama intaneti imekufa kuanzia Tunduma hadi Sirari. Ila usiifungulie mlango wa nje, tafadhali. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilipita dunia nzima kupitia toleo la kwanza la itifaki hiyo hiyo kwenye Windows. Toleo hilo lizime.

Najua hoja ya pili inakuja: nyumba ikiungua je? Hapo nakubaliana nanyi, seva moja si akiba. Wala diski mbili ndani ya boksi moja si akiba, maana mwizi habebi nusu. Nina diski ya nje ambayo rsync inanakilia kila usiku, na nyingine inakaa kwa mama mdogo Bunda, tunabadilishana kila nikipita kwenda Mwanza. Nauli ya basi ndiyo gharama yote. Zote zimefungwa kwa neno la siri, kwa hiyo atakayeiba ameiba chuma.

Wanaosema kutunza vitu kijijini ni ushamba waende Butiama. Makumbusho ya Mwalimu pale yalifunguliwa 1999, na mtafiti mwenye shahada zake tatu anapanda basi, anashuka, anauliza njia, kwa sababu vitu vya Mwalimu vilibaki kwao. Hakuna aliyesema vipelekwe California vikatunzwe na watu wasiotujua.

Ila hoja ya "sina muda" siijibu. Huo usanikishaji wote unakula Jumamosi moja, na Jumamosi zenu nazijua mnazimalizia wapi.