Picha ni yako? Andikianeni kwanza

Tangu miaka ya 1950, Jean Depara alizunguka usiku wa Kinshasa na kamera yake, akimpiga picha Franco, nyota wa OK Jazz. Alifariki 1997. Mwaka 2015 picha zake zilikuwa ukutani Paris, kwenye maonyesho ya sanaa ya Kongo. Picha huishi kuliko mpigaji.

Sasa wewe kijana wa Diani au Msambweni, Ijumaa unapigia bendi picha hotelini, Jumatatu uko ufuoni na kikosi cha filamu. Hizo picha ni za nani? Wengi hudhani ni za aliyeshika kamera. Wapi! Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ya kuagizwa huhesabiwa ni ya aliyeiagiza, ila mkiwa mmekubaliana vingine. Na hakimiliki ya picha hudumu miaka 50. Yaani wewe unalipwa ya usiku mmoja, mwenzako anavuna nusu karne.

Hatusemi ugombane na wateja. Kazi zenyewe ni za kutafuta kwa tochi. Lakini kabla ya kufungua lenzi, andikianeni. Ukurasa mmoja watosha: picha ni za nani, zitatumika wapi, jina lako litatajwa vipi. Mali bila daftari hupotea bila habari.