Plasta inayosoma moyo: je, ngozi yetu inaisoma sawasawa?

Siku hizi ukitaja vifaa vya umeme vya mwilini, kila mtu anakimbilia ubongo na Elon Musk. Mimi leo naomba twende wodi ya njiti.

Mpwa wangu alizaliwa kabla ya miezi. Dada alitaka kumweka kifuani kama manesi walivyomfundisha, ngozi kwa ngozi, lakini kila akimnyanyua waya zinavutika na mashine inalia. Siku plasta ilipobanduliwa, ngozi ilitoka nayo. Jamani, ngozi ya njiti ni kama utando wa kitunguu!

Kumbe kuna watu wanaumiza kichwa kwa hilo. Mwaka 2019 timu ya John Rogers wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilitangaza vihisi viwili vya silikoni laini, kimoja cha kifuani, kingine cha mguuni. Havina waya wala betri, umeme vinaupata hewani kutoka kwenye antena iliyo chini ya godoro. Vinasoma moyo, pumzi, joto na oksijeni. Siri yake ni ndogo tu: mwili ni laini, chuma ni kigumu, vikisuguana mwili unaumia na vipimo vinavurugika. Kinachojikunja pamoja na ngozi hakihitaji gundi kali. Vifaa vya ukoo huo vimeshajaribiwa mpaka Nairobi.

Sasa hapa ndio nina neno. Oksijeni inapimwa kwa mwanga unaopita kwenye ngozi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa utafiti wa wagonjwa wa Marekani: vipimo vya mwanga vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Hizo zilikuwa mashine za kawaida za hospitali, lakini njia ni ile ile ya mwanga. Ulaini peke yake hauleti usahihi.

Kwa hiyo kifaa kujaribiwa huku kwetu sio fadhila, ni lazima. Siku serikali ikitaka kuvinunua, swali la bei lije la pili. La kwanza: vilipimwa kwenye ngozi ya nani?

Mpwa wangu sasa anatambaa, namshukuru Mungu. Manesi na mafundi wa vifaa vya hospitali mliomo humu, tupeni uzoefu wenu hapo chini. Mimi kwenye kafe nimebakiwa na dakika 4.