Vimeng'enya vya ini vikipanda, usiache dawa kabla ya kuuliza

Chukua mfano wa mama mmoja wa Enguserosambu, tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro. Ana wiki ya tano akimeza dawa za kifua kikuu. Kikohozi kimepungua, lakini siku hizi anachoka na chakula hakimwingii. Anapimwa damu hospitalini Wasso, anapewa majibu na kuambiwa arudi siku inayofuata kumwona daktari. Kwenye karatasi, pembeni ya herufi ALT na AST, kuna mishale inayoelekea juu.

Nyumbani, mama mkwe anaiangalia karatasi na kutoa uamuzi: "Mwanangu, vidonge hivyo ndivyo vinavyokuchoma ini. Viache, nikuchemshie magome."

Mama mkwe ana nia njema, na huenda sehemu ya maneno yake ni kweli. Hata hivyo, akisikilizwa bila daktari kuulizwa, nyumba nzima inaweza kuingia hatarini.

Mishale ile ina maana gani?

Vimeng'enya ni kemikali zinazofanya kazi ndani ya seli za mwili. Seli za ini zikiumia, hupasuka au kuvuja, na vimeng'enya vyake humwagika kwenye damu. Maabara hupima kiasi kilichomwagika. Kwa maabara nyingi, kiwango cha juu cha kawaida cha ALT kwa mtu mzima ni takribani 40, ingawa kila maabara huandika kiwango chake kwenye karatasi.

Kwa hiyo kipimo hiki ni kama moshi unaoonekana juu ya boma. Unajua kuna kitu kinaungua, lakini hujui kama ni jiko la kawaida au ni paa.

Tena si kila moshi unatoka kwenye ini. AST ipo pia kwenye misuli, hivyo kazi nzito au kuumia kunaweza kuipandisha. Kipimo kingine, ALP, hutoka pia kwenye mifupa. Ndiyo maana mtoto anayekua huwa na ALP ya juu kuliko mtu mzima, na mjamzito naye hupanda kwa sababu ya kondo la nyuma. Mzazi asishtuke kabla daktari hajalinganisha na umri wa mtoto.

Sababu zinazojulikana

*Virusi vya homa ya ini.* Homa ya ini aina B huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa virusi kubaki mwilini maisha yote ni takribani 9 kati ya 10. Tanzania ilianza kutoa chanjo yake kwa watoto wote mwaka 2002, na hutolewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wazazi wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata, hivyo wanapaswa kupima.

*Dawa.* Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinazotumika kutibu kifua kikuu, zinaweza kuliumiza ini. Parasetamo pia huliumiza ikizidishwa. Dawa za miti shamba nazo zimo. Supu ya magome kama olkiloriti ni ya asili na ina heshima yake, lakini ini huchuja kila kinachomezwa, kiwe cha duka au cha msituni.

*Pombe na mafuta.* Pombe ya mara kwa mara huumiza ini. Uzito mkubwa na kisukari hujaza mafuta kwenye ini hata la mtu asiyegusa pombe.

*Sumukuvu.* Hii hutokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Kupika hakuiondoi. Mahindi yakaushwe vizuri, na yenye ukungu yasiliwe wala kupewa mifugo.

*Maradhi ya mifugo.* Brusela, inayopatikana kwa maziwa mabichi, inaweza kupandisha vimeng'enya. Kuna pia tegu wa mbwa, ambaye wataalamu wamemkuta kwa wafugaji wa Ngorongoro. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mbwa, na mtu akiyameza hujenga kifuko cha maji, mara nyingi kwenye ini. Ukichinja kondoo ukakuta ini au mapafu yana vifuko, yachome au yafukie kwa kina. Usimtupie mbwa.

Hapo kuna jambo la kukumbuka: kifuko hicho kinaweza kuwa kikubwa huku vimeng'enya vikiwa vya kawaida. Majibu mazuri peke yake hayathibitishi kwamba ini ni zima. Ndiyo maana daktari hushika tumbo, huuliza maswali na huweza kuagiza ultrasaundi.

Arudi kwa yule mama

Kwa dawa za kifua kikuu, madaktari wana mipaka. Kwa kawaida husimamisha dawa pale ALT inapozidi mara 3 ya kiwango cha juu na mgonjwa ana dalili, au mara 5 hata kama hana. Chini ya hapo, mara nyingi dawa huendelea na damu hupimwa tena. Zikisimamishwa, hurudishwa moja moja kwa uangalizi. Akiziacha mwenyewe, kifua kikuu kinaweza kurudi kikiwa sugu, na watoto wanaolala naye chumba kimoja ndio wa kwanza kuambukizwa.

Lakini kuna dalili zisizosubiri miadi: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, kutapika mfululizo, maumivu ya tumbo upande wa kulia au kuchanganyikiwa. Hapo mgonjwa asimeze dozi inayofuata. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Yeye hana dalili hizo, ila uchovu na kukosa hamu ya kula navyo ni dalili za kumweleza daktari. Kesho arudi Wasso kama alivyoambiwa, akiwa na karatasi, pakiti za vidonge na kipande cha yale magome. Na mama mkwe aende naye, kwa kuwa ndiye anayejua kilichochemshwa na kilinywewa mara ngapi. Daktari anahitaji kumsikia.