Usihesabu Vichwa Tu

Mkulima, ukifika Nairobi na shughuli zako za mjini zikaisha mapema, panda basi uende Lang'ata ukawaone twiga wanaokula mkononi mwa mtu. Utacheka, maana ulimi wa twiga ni mrefu na mweusi. Lakini nataka uangalie na jambo jingine.

Asili ya twiga hawa si Nairobi. Ni wa aina iitwayo Rothschild, wasio na madoa chini ya magoti, kana kwamba wamevaa soksi nyeupe. Wazee wao walikaa Soy, karibu na Eldoret, katika shamba la ekari 18,000. Miaka ya 1970 shamba lile lilikuwa ligawiwe watu, na twiga wangekosa pa kukaa. Basi mwaka 1974 Bwana Jock Leslie-Melville na mkewe Betty walimleta Lang'ata mtoto wa twiga, wakamwita Daisy. Wengine walihamishiwa Hifadhi ya Ziwa Nakuru.

Ninyi wa skimu mtaifahamu habari hii kuliko watu wa mjini. Simlaumu aliyepata shamba. Watu walihitaji ardhi.

Daisy alipendwa sana. Lakini Daisy peke yake si kundi. Mnyama mmoja huzaliwa, hula, huugua, hufa, basi. Kundi lina hesabu yake: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, wangapi wameingia kutoka nje, wangapi wametoka. Tena kuna umri. Kundi la vikongwe watupu linakwisha, hata likiwa na vichwa mia.

Kule Nakuru twiga waliongezeka vizuri. Lakini hifadhi ile ina ua pande zote. Wakaanza kubandua magome ya migunga, na miti mingine ikafa. Simba nao wamo ndani, hula ndama. Twiga hubeba mimba miezi 15 hivi na kwa kawaida huzaa mmoja tu, kwa hiyo pengo halizibiki upesi. Idadi ikashuka. Ua uliowalinda ndio huo huo uliowazuia kwenda kutafuta malisho mengine.

Sasa tazama ua wako. Watu husema, "Fulani ni tajiri, ana ng'ombe kumi." Mimi huuliza: ana nyasi za ng'ombe wangapi? Ndama wangapi walifika kuachishwa kunyonya mwaka jana? Na fahali ni nani? Nimeona boma ambamo fahali huwapanda mama yake na dada zake, na mwenyewe analalamika kwamba ndama ni dhaifu na maziwa yamepungua, akidhani amerogwa! Kundi lisiloingiwa na damu ya nje huharibika polepole, usijue.

Dawa yake iko karibu. Kabete, upande wa magharibi wa Nairobi, kipo kituo cha serikali cha mbegu za mafahali, kilichoanzishwa mwaka 1946. Mwulize bwana mifugo wako jinsi ya kuzipata. Halafu nunua daftari la shule, upige mistari minne: waliozaliwa, waliokufa, walionunuliwa, waliouzwa. Mimi nilichelewa kuanza langu. Mwaka wa kwanza mstari wa waliokufa ulikuwa mrefu kuliko wa waliozaliwa, na kumbe nilikuwa nikijisifu kwa majirani.